Achari mbichi ya kranberi kwa meza ya Thanksgiving: mwongozo kamili, kuanzia kwenye greta

Siku ya Thanksgiving, sikukuu ya kushukuru ya Marekani na Kanada, jiko la mwenye shughuli huwa halina nafasi tangu asubuhi. Bata mzinga amekalia oveni kwa saa nyingi, viazi viko motoni, na kila jicho la jiko lina sufuria yake. Mgeni anayekuja na chakula cha kupashwa moto anaongeza foleni. Kwa hiyo ukiulizwa utaleta nini, jibu langu ni moja: achari mbichi ya kranberi. Haipikwi wala haipashwi, inatakiwa kutengenezwa jana yake, na unaweza kuibeba ndani ya chupa ya kioo hata ukipanda basi.

Kazi yake mezani ni ileile ya kachumbari na achari ya ndimu kando ya pilau. Nyama ya bata mzinga ni kavu na imepoa kwa ladha, mchuzi wake una mafuta, viazi vitamu vimetiwa siagi na sukari, mikate iliyosagwa imejaa mchuzi. Bila kitu kichachu, mlaji anachoka kabla sahani haijafika nusu. Wamarekani wengi hufungua kopo tu, wakatoa jeli nyekundu yenye alama za pete za kopo, wakaikata vipande. Jeli hiyo ina wapenzi wake, tena wa kufa na kupona, lakini aliyekulia kwenye chatini ya embe bichi ataona ni tamu mno na haina ukali wowote.

Kabla ya vipimo, niseme jambo ambalo mapishi mengi hulipita haraka. Watu huhangaika na sukari, iwe nyingi au kidogo, ilhali sukari hurekebishika hata dakika ya mwisho. Kisichorekebishika ni ganda la chungwa lililokwanguliwa vibaya. Ukishateremka hadi kwenye ile nyeupe iliyo chini ya ganda, uchungu wake unaingia kwenye achari nzima na unazidi kadiri inavyolala. Ndiyo sababu mwongozo huu unakaa sana kwenye greta.

Kranberi: kununua na kuchagua

Kranberi ni tunda la Amerika Kaskazini, jekundu, gumu, lenye kipenyo cha sentimita moja hadi mbili. Jimbo la Wisconsin ndilo linaloongoza, likitoa zaidi ya nusu ya kranberi zote za Marekani, na Massachusetts inafuata. Kilimo chake kilianzia huko Massachusetts, kwenye mji wa Dennis, mwaka 1816, pale Henry Hall alipoona kwamba mimea iliyofunikwa na mchanga uliopeperushwa na upepo inazaa vizuri zaidi. Mpaka leo wakulima humwaga mchanga mashambani kwa makusudi.

Huvunwa kuanzia katikati ya Septemba hadi mapema Novemba. Zile picha za mashamba yaliyofurika maji mekundu ni za kranberi zinazoelea kwa sababu kila tunda lina vyumba vya hewa ndani. Nyingi kati ya hizo huishia kwenye juisi na makopo. Zile mbichi za mfukoni kwa kawaida huvunwa shamba likiwa kavu, ndiyo maana hukaa muda mrefu bila kuharibika.

Dukani utazikuta kwenye mfuko wa aunsi 12, yaani gramu 340, upande wa matunda mabichi. Baada ya Krismasi huadimika. Nunua mifuko miwili, mmoja utie kwenye friza kama ulivyo bila kuufungua; utakaa miezi na miezi. Usichanganye na kranberi zilizokaushwa, ambazo karibu zote zimetiwa sukari, hizo ni za kutafuna au za keki.

Tunda zuri ni gumu, linang'aa, na ukiliangusha mezani linadunda. Lililonywea, lenye madoa laini au linalonata kwenye vidole, tupa. Weupe upande mmoja si ubovu, ni upande ambao haukupata jua.

Halafu kuna uchachu wenyewe. Gramu 100 za kranberi zina sukari takribani gramu 4 tu, na asidi nyingi. Juu ya uchachu huo kuna ukakasi, ule wa kukausha ulimi, unaofanana na wa korosho bibo. Asidi hiyo ina tahadhari moja kwa majiko yetu: usiilaze achari hii kwenye sufuria ya aluminiamu. Inakula chuma na kuleta ladha ya bati. Tumia kioo, chuma cha pua, udongo uliotiwa rangi ya kung'aa, au plastiki ya vyakula.

Greta ipi kwa kazi ipi

Wengi wana ile greta ya pande nne, na hutumia upande mmoja tu, wa matundu makubwa. Kwa achari hii upande huo ni wa tufaha. Upande wa matundu madogo yaliyopinda ni wa tangawizi kama huna kingine. Upande wenye mpasuo mrefu hukata vipande vyembamba, leo hatuuhitaji. Unabaki upande wa miiba, ule unaochoma ukiupitishia kiganja. Huo ni mzuri kwa kungumanga, lakini kwa ganda la chungwa ni balaa: miiba inachana badala ya kukata, mafuta ya ganda yanabaki kwenye chuma, na nusu ya ulichokwangua hukitoi hata kwa brashi. Kama ndiyo pekee uliyonayo, funika upande huo kwa karatasi ya kuokea, kwangua juu yake, kisha ivue karatasi na kila kitu kitatoka nayo.

Chombo sahihi cha ganda ni greta nyembamba ndefu, yenye mpini na meno madogo mengi. Asili yake ni tupa ya seremala. Kampuni ya Grace Manufacturing ya Arkansas ilianza kutengeneza tupa hizo za mbao mwaka 1990, kwa jina la Microplane. Mwaka 1994 mama mmoja wa Ottawa, Kanada, Lorraine Lee, ambaye yeye na mumewe walikuwa na duka la zana za useremala, alichoka na greta yake ya zamani, akaichukua tupa hiyo na kukwangulia chungwa la keki. Ganda lilianguka jepesi, bila nyeupe. Siku hizi kuna kampuni nyingi zinazotengeneza za aina hiyo. Tofauti yake iko kwenye meno: katika zilizo bora, meno huchongwa kwa kemikali inayokula chuma na kuacha ukingo mkali, wakati greta za bei ya chini matundu yake yamegongwa tu kwa mashine na kingo zake ni butu tangu dukani.

Ukiwa dukani, angalia mambo machache. Pitisha kidole polepole kwa upande usiokata. Meno yote yawe na kimo kimoja. Kwa greta ya pande nne, ishike mpini na kuitikisa: ikicheza, itakunjika ukiisukumia karoti ngumu. Chini iwe na mpira wa kuizuia kuteleza. Chuma kiwe cha pua, kwa sababu chungwa na kranberi zitakitia kutu kingine chochote ndani ya wiki chache. Zile seti za greta tano zenye rangi za kupendeza, mimi sizinunui. Mbili zinatosha nyumba nzima, moja ya pande nne na moja nyembamba.

Mbuzi ya nazi iache ipumzike. Meno yake ni ya kukunia nyama ya nazi kwenye kifuu, si ya ganda laini.

Kranberi zenyewe hazikwanguliwi kwenye greta. Ni ndogo na zinateleza, na vidole vyako vitaumia kabla tunda la tatu halijaisha. Hizo hukatwa kwa mashine, kama tutakavyoona.

Vipimo, kwa watu wanane hadi kumi

Mfuko mmoja wa kranberi, gramu 340. Chungwa moja kubwa. Tufaha moja la kijani lenye uchachu, kama Granny Smith. Sukari gramu 150, ambayo ni robo tatu ya kikombe cha kupimia cha Kimarekani. Tangawizi mbichi, kipande cha sentimita tatu. Chumvi robo kijiko cha chai. Kungumanga la kukwangua kidogo, na ukipata lile la Unguja ambalo bado zima, ndilo hasa. Pilipili mbichi nusu, bila mbegu, kwa wanaopenda. Mimi huitia kila mara, na hata wenyeji wasiokula pilipili hurudia kijiko.

Hatua kwa hatua

Anza jana yake, Jumatano mchana au jioni, kwa kuwa huko Marekani sikukuu yenyewe ni Alhamisi ya nne ya Novemba. Walio Kanada, yenu ni Jumatatu ya pili ya Oktoba, basi tengenezeni Jumapili.

Osha kranberi kwa maji baridi, toa vijiti na mbovu, kisha zitandaze kwenye taulo safi zikauke. Zikishakauka zitie kwenye friza kwa nusu saa. Tunda lililoganda kidogo hukatika vipande badala ya kupasuka na kurusha maji mekundu ukutani. Kama ulizitoa friza tangu mwanzo, zitumie hivyohivyo, usisubiri ziyeyuke.

Wakati zinaganda, shughulikia chungwa. Machungwa ya madukani Marekani kwa kawaida hupakwa nta ili yang'ae na yakae. Yaoshe kwa maji ya uvuguvugu na brashi, kisha yafute mpaka yakauke kabisa, kwa sababu ganda lenye maji linateleza na kuziba meno. Weka bakuli la sukari karibu. Shika greta nyembamba meno yakiangalia juu, mbele yake imeegemea ukingo wa bakuli hilo, na ipitishie chungwa kwa mwendo mmoja wa kuelekea mbele, bila kukandamiza. Pasipo nguvu meno yatakata yenyewe. Usirudi palepale: kila mpigo mmoja, zungusha chungwa kidogo. Ukiona nyeupe, umeshamaliza mahali hapo. Kuna wanaopenda kugeuza mambo, chungwa likawa chini na greta juu, meno yakiangalia tunda. Faida yake unaona ulipofika, na ganda linajikusanya mgongoni mwa greta.

Ganda likiangukia kwenye sukari moja kwa moja, mafuta yake hayapotei hewani. Sugua sukari na ganda kwa ncha za vidole kwa dakika moja, mpaka sukari ipate unyevu na harufu ijae jikoni. Hatua hii ndogo inafanya kazi kubwa, wala usiiruke.

Sasa menya nyeupe yote ya chungwa kwa kisu na uitupe. Mapishi mengi ya Kimarekani husaga chungwa zima na ganda lake. Ukila papo hapo si mbaya, ila likilala usiku mzima uchungu unapanda juu ya ukakasi wa kranberi, na hapo hata kikombe cha pili cha sukari hakisaidii. Kata nyama ya chungwa vipande vidogo, toa kokwa, na hifadhi maji yake.

Tangawizi ikwangue kwa greta hiyohiyo nyembamba. Paruza ganda lake kwa ukingo wa kijiko, halafu kwangua ukikatisha nyuzi, si kuzifuata. Tangawizi iliyotoka friza hukwanguka vizuri zaidi, na nyuzi zake hazizibi meno.

Tufaha ndilo la greta ya pande nne, upande wa matundu makubwa. Usilimenye. Likate vipande viwili, weka upande uliokatwa kwenye greta na usukume kwa kiganja kilichonyooka; nyama inaisha, ganda linabaki mkononi likiwa ngao ya vidole vyako. Simama ukifika kwenye moyo wa kokwa. Changanya mara moja na maji ya chungwa ili lisigeuke kahawia.

Neno moja kuhusu vidole: kipande cha mwisho hakina thamani ya ngozi yako. Kila anayejikata kwenye greta hujikata akimalizia kile kipande kidogo cha tangawizi. Kitupe kwenye birika la chai.

Zitoe kranberi. Kama una mashine ya kukata vyakula, ile yenye bakuli na kisu cha chini, zitie nusu kwanza, bonyeza na kuachia mara nane au kumi, kisha uangalie. Unataka vipande vya ukubwa wa punje ya mchele hadi choroko, na visifanane vyote. Zimimine, tia nusu ya pili. Ukizijaza zote pamoja, za chini zitakuwa rojo na za juu zitabaki nzima. Blenda siipendekezi, kwa sababu inataka maji ndipo izunguke, nawe utapata juisi nzito.

Mashine ya mkono ya kusagia nyama, ile ya kufungwa ukingoni mwa meza ambayo nyumba nyingi huitumia kwa nyama ya sambusa, inafaa sana, na ndiyo waliyotumia mabibi wa Kimarekani kabla ya umeme kuingia jikoni. Tumia sahani ya matundu makubwa, ioshe vizuri kwa maji ya moto isibaki na harufu ya nyama, na uweke bakuli la pili chini ya mpini, maana maji hudondokea huko pia. Usipokuwa na mashine yoyote, kisu kizito na kibao vinatosha: tandaza kiganja kimoja cha kranberi kwa wakati, zikate kwanza kwa kuzifunika na taulo zisiruke, kisha endelea kuzichanachana. Itakuchukua nusu saa, ila sura yake itapendeza kuliko zote.

Changanya kila kitu kwenye bakuli la kioo: kranberi, sukari yenye ganda, nyama ya chungwa, tufaha, tangawizi, chumvi, pilipili. Kungumanga lipitishe mara tano au sita kwenye greta. Koroga, funika, tia kwenye friji.

Kuonja, na lini

Usihukumu ladha siku hiyohiyo. Achari hii ikitoka kuchanganywa ni kali, kila kitu kinasema peke yake. Baada ya saa nne sukari imevuta maji ya kranberi na kutengeneza sharubati nyepesi. Ikilala usiku mzima, ukakasi unapungua na rangi inakolea. Onja asubuhi ya Alhamisi. Ukiona bado inakunja uso, ongeza sukari kijiko kimoja kimoja cha chakula, ukingoje dakika kumi baina ya kijiko na kijiko. Ikiwa tamu lakini imelala, haitaki sukari, inataka chumvi kidogo au kamulio la ndimu. Ikiwa na maji mengi, ichuje kiasi kwenye kichujio, na yale maji usiyamwage. Changanya na soda isiyo na ladha, wape watoto.

Lozi au njugu za aina ya walnut hutiwa dakika ya mwisho, na ueleze wazi kwamba zimo, maana mezani huenda kuna mwenye mzio.

Kwa Waislamu walioalikwa: achari hii haina cha kutilia shaka. Jeli ya kopo nayo hushikana kwa pektini, kigandishi cha asili kilichomo ndani ya tunda lenyewe. Pa kuuliza ni kwenye ile saladi ya kranberi inayotikisika, iliyogandishwa kwa jelatini, ambayo mara nyingi hutoka kwa nguruwe, na kwenye mapishi ya kupikwa yanayotiwa mvinyo au pombe ya chungwa.

Ukitaka ya kupikwa

Ni rahisi kuliko mbichi. Chemsha sukari gramu 200 na maji mililita 240, tia mfuko mmoja wa kranberi, punguza moto. Zitaanza kupasuka kwa sauti. Baada ya dakika kumi hivi zima, tia ganda la chungwa ulilokwangua mwishoni, sio mwanzoni, kwani moto unalimaliza harufu. Mchuzi ukiwa moto utaonekana mwepesi, usiendelee kupika. Ukipoa utashikana wenyewe.

Ukiwa Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa

Kranberi mbichi ni adimu, na zikipatikana zimegandishwa na bei yake haisemeki. Ziache. Tumia rozela, ile ya kutengenezea juisi nyekundu, wengine huita choya. Huko Florida mmea huohuo uliwahi kuitwa kranberi ya Florida, na ukionja utajua kwa nini. Loweka gramu 50 za rozela kavu kwenye maji ya moto kwa dakika thelathini, kamua, kata vipande vidogo, kisha fuata hatua zile zile za chungwa, tufaha na tangawizi, ukianza na sukari gramu 100 na kuongeza kwa kuonja. Maji uliyolowekea ni juisi tayari. Machungwa yetu ya ganda la kijani, kama ya Muheza, yanafaa. Mwambie tu muuzaji wa barabarani asikumenyee. Kwa kuku wa Krismasi au mbuzi wa kuchoma, hii inakaa vizuri kabisa.

Kuosha greta na kuhifadhi kilichobaki

Greta ioshwe papo hapo, kabla masalia hayajakauka. Ipitishe kwenye maji yanayotiririka kwa upande wa nyuma, ili yasukume uchafu utoke ulikoingilia, kisha brashi ndogo ukifuata mwelekeo wa meno, si kuyakabili. Sifongo itachanika na kuacha vipande vyake ndani. Ifute ikauke na uirudishie kifuniko chake. Ikilala droo moja na vijiko, meno yanagongana na kuwa butu, na anayetafuta kijiko usiku atajichana. Meno yakishaisha hayanolewi nyumbani. Utajua yameisha pale ganda la chungwa linapoanza kutoka limelowana badala ya kuanguka jepesi.

Achari iliyobaki hukaa wiki moja kwenye friji ikiwa imefunikwa na unachota kwa kijiko safi, au miezi miwili kwenye friza. Nyama ya bata mzinga iliyopikwa haingoji kiasi hicho, imalize ndani ya siku tatu au nne. Ichambue, ipashe kwa kitunguu na pilipili manga, iweke ndani ya chapati pamoja na vijiko viwili vya achari ikiwa baridi vilevile kutoka friji, na uikunje.